Kulala Ukingoni mwa Kreta: Kupanga Safari ya Kambi Ngorongoro

REHEMA: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo mimi na kaka Baraka tunazungumzia maandalizi ya kupiga kambi kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kwa kuwa wengi wetu hutoka Arusha alfajiri, tukashuka kretani kwa saa chache na kurudi mjini jioni bila kulala kule juu.

BARAKA: Ahsante, dada Rehema. Ni vyema tuanze na mahali penyewe. Chini kretani hairuhusiwi kulala. Kambi ya umma inayojulikana zaidi ni ile ya Simba, ambayo iko juu ukingoni, takribani mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo anayepanga safari hii ajue kwamba anakwenda kulala mlimani, na mimi nashikilia kwamba baridi huwaharibia watu safari kuliko mnyama yeyote.

REHEMA: Hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo ukungu hutanda ukingoni na asubuhi hema huwa limelowa umande. Wewe ungemshauri mtu abebe nini?

BARAKA: Kwanza godoro la kutandika chini, kwa sababu watu hujifunika mablanketi mengi juu wakasahau kwamba ardhi ndiyo inayowanyonya joto usiku kucha. Kisha mfuko mzito wa kulalia, kofia ya sufu, soksi kavu zilizotengwa kwa ajili ya kulalia tu, na hema lenye turubai la juu lisilopitisha maji. Mwenye shuka nzito ya Kimasai asiiache nyumbani.

REHEMA: Na chakula?

BARAKA: Mahitaji yote yanunuliwe Karatu, mji wa mwisho wenye soko na vituo vya mafuta kabla ya lango la Lodoare. Tumieni jiko la gesi, wala msitegemee kuokota kuni msituni. Lakini la muhimu zaidi ni kwamba chakula hakilali ndani ya hema, hata ndizi moja. Kambi ya Simba haina uzio. Nyati na pundamilia hupita kati ya mahema, na tembo wamezoea kufika kunywa maji kwenye tangi la kambi. Wakija, kaeni mbali, msiwamulike kwa tochi wala msiwasogelee kwa ajili ya picha.

REHEMA: Hapo naomba nisisitize kwa wanaosafiri na watoto: mtoto asitoke hemani peke yake usiku, hata kama choo kiko karibu. Amwamshe mtu mzima, naye aangaze pande zote kabla hawajapiga hatua.

BARAKA: Naam. Jambo lingine linalowachanganya wengi ni malipo. Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji wa Kimasai waendelee kuishi humo pamoja na wanyamapori, na hadi leo ina mamlaka yake yenyewe. Kwa hiyo anayeunganisha safari hadi Serengeti hulipia sehemu zote mbili. Kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu mnapoingia, na kushuka kretani kuna tozo yake kwa kila gari.

REHEMA: Basi saa ya kuingia ndiyo inayoamua mpango mzima.

BARAKA: Ndiyo. Tuseme mmepita langoni saa nane mchana: mnafika kambini kungali mwanga, mnasimamisha hema na kupika kabla ya giza. Kesho yake mnashuka mapema kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, mnatembelea msitu wa Lerai na Ziwa Magadi kwa utulivu, kisha mnapanda na kutoka langoni kabla ya saa nane. Mkiingia saa nne asubuhi, mtalazimika kukimbizana na saa siku ya pili, ilhali sakafu ya kreta ina takribani kilomita za mraba 260.

REHEMA: Wanaofikiria kwenda Aprili je?

BARAKA: Mandhari huwa ya kijani na magari ni machache, lakini mvua za masika huharibu barabara. Kwa kundi linalopiga kambi kwa mara ya kwanza, ningependekeza Septemba au mapema Oktoba, baridi ikiwa imepungua na mvua za vuli bado hazijaanza.