Ualbino na jua: vaa hivi, paka hivi, na ukiungua fanya hivi

Habari zenu wapendwa, karibuni. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa na kukulia hapa Moshi, na video ya leo naifanya kwa ajili ya wenzangu na hasa nyie kina mama wenye watoto wadogo, maana meseji zenu zote zinauliza mafuta gani nimpake mtoto, mafuta gani, mafuta gani, na mimi leo nataka tuanze na nguo. Mafuta yatakuja mwisho.

Kwanza muelewe kinachotuunguza. Ngozi yetu haina melanini ya kutosha, ile rangi inayozuia mionzi isiingie ndani, kwahiyo jua linapiga moja kwa moja. Na ngozi haisahau. Yaani kule kuungua kwa darasa la pili kunajumlishwa na kwa darasa la tano na kwa shambani, inaongezeka tu, alafu mtu anafika miaka 20 au 30 anaanza kuona vidonda vya kansa usoni. Ndio maana nawasisitizia sana watoto.

Haya, hatua ya kwanza ni saa. Sasa hivi ni saa 2 asubuhi, nasimama hapa uwanjani mara moja tu, ona kivuli changu pale chini, ni kirefu kunipita mimi mwenyewe. Hapo jua bado halijawa kali. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe ondoka juani, na kwa huku kwetu hiyo ni kama kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kufua, kuchota maji, kwenda sokoni, panga asubuhi mapema au jioni. Na msidanganywe na baridi jamani! Mwezi wa 7 huku kuna mawingu na baridi, mtu anasema leo hakuna jua anatoka na fulana, jioni shingo inawaka. Joto la hewa halihusiani na mionzi, mawingu mepesi yanaipitisha, na kadiri unavyopanda mlimani mionzi inazidi, kila mita 1,000 inaongezeka kama asilimia 10 hivi.

Hatua ya pili, nguo, na hapa nitakaa kidogo. Chukua shati, washa tochi ya simu, ingiza simu kwa ndani hivi... mnaona? Hili mwanga unapita wote, hili ni la kulalia sio la kutembelea juani. Sasa ona hili la jinzi, mitumba tu nimelinunua, mikono mirefu, kola inasimama, tochi haionekani kabisa. Hili ndilo. Kitambaa kiwe kimeshonana, rangi iliyokolea inazuia vizuri kuliko nyeupe nyepesi, na shati jepesi likilowa jasho au maji linapitisha zaidi. Kwa mtoto wa shule nenda kaongee na mwalimu mkuu, omba avae sare ya mikono mirefu na soksi ndefu, na aruhusiwe kofia na kusimama kivulini mstarini. Mimi wakati nasoma tulikua tunasimama mstarini jua likitupiga na kofia ilikua marufuku, nilikua narudi nyumbani masikio yana malengelenge, mama ananifunga khanga kichwani usiku analia. Kwahiyo nenda usione aibu, unamuombea mwanao uhai.

Kofia sasa. Hii kepu inakinga paji la uso na pua kidogo basi, masikio na shingo vimebaki wazi, na masikio ni moja ya sehemu zinazopata kansa sana. Chukua pama, ukingo uzunguke pande zote na uwe walau sentimita 7 na nusu, pima na rula kama mimi hapa. Na miwani ya jua inayozuia UV, yaani ile mionzi ya jua inayounguza, macho yetu nayo yanaumia.

Sasa ndio mafuta. Hii niliyoshika ni Kilisun, inatengenezwa hapa hapa Moshi, ilianzia kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, imetengenezwa kwa ajili ya ngozi yetu sisi na inagawiwa bure kupitia kliniki. Kwa mlioko Kenya serikali inatoa mafuta bure kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, mkajiandikishe. Ukinunua dukani angalia SPF, yaani ile namba ya kiwango cha kinga, iwe 30 kwenda juu, iandikwe inazuia UVA na UVB, hizo ni aina mbili za mionzi ya UV, na angalia tarehe ya kuisha. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB na 50 ni kama 98, kwahiyo usijinyime chakula kutafuta ya 50. Mafuta ya nazi sio kinga, tafadhali.

Paka nusu saa kabla ya kutoka. Kipimo ni hiki, chora mistari miwili kwenye vidole viwili hivi, hiyo ni ya uso na shingo tu, mnaona ni mengi eeh, wengi tunapaka kidogo ndio maana tunasema mafuta hayafanyi kazi. Nyuma ya masikio, kisogoni, juu ya miguu kama umevaa ndala, migongo ya mikono, na midomo. Rudia kila baada ya masaa 2, na ukitoka jasho au ukinawa rudia hapo hapo. Ukishapaka hujapata ruhusa ya kushinda juani, bado kofia, bado shati.

Na ukiungua je? Toka juani sasa hivi, usisubiri umalize kazi, maana wekundu unaouona saa hizi ni mwanzo, kuungua kunaendelea kupanda mpaka kesho yake. Lowesha kitambaa safi maji ya baridi ya kawaida, kamua, weka juu dakika 10 mpaka 15, rudia mara nyingi. Barafu usiweke, inaumiza ngozi tena. Dawa ya meno hapana, majivu hapana, samli hapana, na ndimu ndio kabisa hapana, ndimu kwenye ngozi ikikutana na jua inaunguza hata mtu mweusi. Ukitumia shubiri, yaani aloe vera, kata jani, lisimamishe yale maji ya njano yatoke yote maana yanawasha, osha, ndio upake ile nyeupe ya ndani inayoteleza. Kunywa maji mengi. Maumivu yakizidi panadol inatosha, na mtoto usimpe aspirini.

Malengelenge usiyatumbue, ile ngozi ya juu ndio bandeji yako, yakipasuka yenyewe osha na maji na sabuni taratibu ufunike na kitambaa safi. Lakini malengelenge yakiwa eneo kubwa, au kuna homa, kutapika, kizunguzungu, au ni mtoto mchanga, hiyo sio ya kutibu nyumbani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho, na hili fanyeni leo. Mwambie mtu akukague uso, masikio, shingo, mikono, midomo. Ukiona kidonda, au gamba gumu linalotoka na kurudi, au kinyama kinachovuja damu, weka sarafu ya shilingi pembeni yake hivi upige picha ili ukubwa uonekane, tarehe inabaki kwenye simu. Baada ya wiki 2 piga nyingine. Ikifika wiki 4 hakijapona usinunue tena dawa ya kupaka duka la dawa, chukua simu yako na hizo picha uende kliniki ya ngozi, kikiwa kidogo hivyo wanakigandisha kwa baridi kali au wanakikata kwa ganzi tu na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.