K ya Kushoto, K ya Kulia

KASTULI: Kamwene wasikilizaji. Kamwene, dada Atu.

ATUPELE: Ndaga, kaka. Mbona leo unanuka kama stoo ya gereji?

KASTULI: Dawa ya kutu hiyo. Nimeoga mara tatu.

ATUPELE: Mnamjua Kastuli, seremala wetu. Akisema wiki hii alibanwa, ujue kuna mlango wa mtu haujakwisha. Safari hii ni wa nani?

KASTULI: Wala sikugusa mbao. Nilikuwa Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, siku nne. Shemeji yangu, yule fundi ndege, alikuwa anabadilisha ekzosi ya kindege cha zamani, Cessna 170, cha mwaka 1952. Mwenyewe ni mzee mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi. Msaidizi wa shemeji akaugua, mimi nikapigiwa simu: "Njoo unishikie tochi."

ATUPELE: Tochi tu?

KASTULI: Tochi tu. Ningebaki na tochi, mambo yangekwenda vizuri.

ATUPELE: Haya, tumewaahidi watu mafunzo matatu ya kujua kabla hujanunua chombo cha mtumba, nimeyaandika hapa. Simulia haraka, tuje huko.

KASTULI: Kindege chenyewe kinakaa pua juu, maana gurudumu la tatu liko mkiani, kadogo kama la toroli. Injini ina silinda sita, tatu kila upande, na kila upande una bomba lake la moshi. Sasa sikiliza hapa. Unajua hita ya ndege hizi inatoka wapi?

ATUPELE: Kwenye maji ya rejeta, kama gari.

KASTULI: Hakuna rejeta, injini inapozwa na upepo. Wamechukua sailensa wakaivisha koti la bati. Hewa safi kutoka nje inapita kati ya koti na sailensa, inapata moto, inaingia kwa rubani. Na hewa ya moto ya namna hiyo hiyo ndiyo inayookoa kabureta isigande barafu.

ATUPELE: Kwa hiyo moshi na hewa ya kupumua vimetenganishwa na bati moja.

KASTULI: Bati jembamba moja. Shemeji alifungua koti wakati wa ukaguzi wa mwaka, akakuta mstari wa kijivu kando ya weldi, kama jivu lililopakwa kwa kidole. Akachomeka mashine ya kufyonza vumbi kwenye bomba la kutolea moshi, upande unaopuliza, akapaka povu la sabuni kwa brashi ya kupakia rangi. Mahali pakavu kabisa kwa macho, povu likaanza kuvimba. Puu, puu, puu. Kama mtoto anapulizia ndani ya kikombe cha chai.

ATUPELE: Mwe!

KASTULI: Na ndani, zile bati za kupunguza kelele zilishaliwa. Zikimeguka zinaenda kuziba tundu la kutokea, injini inakosa nguvu uko juu. Basi ikaagizwa seti nzima kutoka Marekani. Bei siitaji, mke wangu anasikiliza.

ATUPELE: Ndege si yako.

KASTULI: Lakini atauliza kwa nini najua bei ya ekzosi na sijui bei ya unga. Siku ya kwanza yote ni nati. Unapulizia dawa jioni, unaziacha zilale. Asubuhi shemeji anaweka spana, anavuta taratibu, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Maana ile skrubu imekaa kwenye aluminiamu. Ukilazimisha, inatoka na nyuzi zake, hapo unazungumzia silinda sasa, si ekzosi tena. Siku ya pili boksi la mabomba mapya likafunguliwa. Mimi seremala. Seremala akiona vipande vingi anafanya nini?

ATUPELE: Anaviandika.

KASTULI: Nikatoa penseli sikioni. Bomba hili la kushoto, nikaandika K.

ATUPELE: Vizuri.

KASTULI: Hili la kulia, nikaandika K.

ATUPELE: (anacheka) Kastuli!

KASTULI: Nimemaliza yote, naangalia kazi yangu, naona K, K, K, K. Na hapo hata kosa lenyewe sijalijua. Shemeji anageuka, anaona penseli mkononi, anatoa sauti ambayo hajawahi kuitoa hata siku ya msiba.

ATUPELE: Kwa sababu ya K?

KASTULI: Kwa sababu ya penseli! Risasi ya penseli ni kaboni. Bomba likiwaka moto, ile kaboni inaingia kwenye chuma, pale palipoandikwa chuma kinakuwa kikavu, mwisho kinapasuka. Ufa wenye umbo la herufi yako. Wao wanaandika kwa chaki.

ATUPELE: Yaani ungewapasulia ekzosi mpya kwa mwandiko.

KASTULI: Bahati lilikuwa halijaonja moto. Nilipewa kitambaa na kiyeyushi, nikasugua nusu siku. Kila ninapodhani nimemaliza, anamulika tochi kwa ubavu: "Naiona K." Namuuliza, ya kushoto au ya kulia?

ATUPELE: (anacheka sana) Ngoja, nina machozi. Milango yangu ya jikoni uliiandikaje wewe?

KASTULI: Usianze.

ATUPELE: Ndiyo maana ule wa kulia unafungukia ukutani! Miaka miwili nalaumu ukuta!

KASTULI: Turudi kwenye ndege.

ATUPELE: Turudi. Lile povu lililovimba, mimi nalijua kwa jina lingine. Mwezi wa 7, baridi ya Uyole, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha. Ni gesi hiyo hiyo ya moshi wa injini, kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inaishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Mgonjwa anakuja na kichwa kinauma, anatapika, wenzake wanasema malaria. Unamvisha kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni, kinasoma asilimia 98. Kinadanganywa! Chenyewe kinaona damu nyekundu tu, hakijui imebeba nini.

KASTULI: Ndege ina kadi yake ya kubandika ya kuonyesha gesi hiyo, ina doa la rangi ya chungwa. Doa likiwa jeusi, zima hita, fungua dirisha, teremka.

ATUPELE: Kama bado una akili ya kuliangalia. Ukiwa juu ya Kitulo, ardhi yenyewe iko kama mita 2,600, hewa tayari ni haba. Rubani anadhani ni usingizi.

KASTULI: Hapo ndipo nataka kusema jambo, na najua utakasirika. Ile sailensa ya zamani ilikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Pale Ipogolo kuna kijana anachomelea chuma cha pua kwa gesi ya agoni, matanki ya maziwa, mshono wake huuoni. Angeiziba asubuhi moja. Kindege kimekaa chini wiki kadhaa kinasubiri boksi.

ATUPELE: Hapana.

KASTULI: Sijamaliza.

ATUPELE: Hata ukimaliza. Umesema mwenyewe bati lililiwa kwa ndani. Unaziba hapa, ufa unahamia pembeni.

KASTULI: Basi mpe abadilishe kipande. Hiyo ndege 1952 iliundwa na nani? Watu wenye mikono, kule Wichita, Marekani, wengine wadogo kuliko huyu kijana. Kilichowafanya wao mafundi na huyu awe "wa mtaani" ni nini? Karatasi.

ATUPELE: Ndiyo, karatasi! Karatasi inasema chuma ni cha aina gani, nani alikichoma, nani anajibu kikipasuka. Kazi ya Ipogolo ikipasuka, lori linasimama kando ya barabara, mteremko wa Kitonga. Ndege inasimama wapi?

KASTULI: Lori likikosa breki Kitonga halisimami, dada. Linazoa basi. Na breki zile ametengeneza nani? Hakuna anayemwuliza karatasi.

ATUPELE: Basi aulizwe naye! Hujanijibu, umenionyesha shimo lingine.

KASTULI: Nakuonyesha kwamba tunaamini mikono yetu kwa abiria 60, hatuiamini kwa abiria watatu. Na yule kijana hata njia ya kwenda kupimwa apewe hiyo karatasi haioni.

ATUPELE: Hilo la njia ni lingine. Mimi siruhusu mtu kuchoma sindano kwa sababu mkono wake hautetemeki.

KASTULI: Sindano si weldi.

ATUPELE: Na tanki la maziwa si sailensa.

KASTULI: Shemeji mwenyewe nilimwuliza.

ATUPELE: Akasemaje?

KASTULI: Akasema nishike tochi.

ATUPELE: Ah! Basi.

KASTULI: Hajasema nimekosea!

ATUPELE: Kastuli, saa imekwenda, naingia zamu ya usiku na daladala za Nduli unazijua. Mafunzo yangu matatu yako hapa, karatasi nzima.

KASTULI: Soma la kwanza.

ATUPELE: "Kagua chassis." Sijui niliandika nini hapa chini. Acha. Niambie tu, iliwaka?

KASTULI: Iliwaka. Kufunga ndiko kulichukua muda. Unapachika yote yakiwa yamelegea, unayaacha yajikalie yenyewe, ndipo unakaza kidogo kidogo ukizunguka. Ukilivuta bomba kwa nguvu lifike kwenye tundu lake, umeshalitegea ufa. Tukawasha jana jioni. Kwanza ikatoa moshi mweupe, mafuta ya mikono yetu yanaungua, mzee akarudi nyuma hatua tatu. Halafu ikatulia. Mlio mzito, wa chini, unausikia kifuani. Tukazima, tukaacha ipoe, tukarudia kukaza nati, maana joto la kwanza huzilegeza.

ATUPELE: Mlianza upande gani?

KASTULI: Wa K.