Si5351A: Chagua Kigawanyi Kwanza

Ndugu wanaredio, chipu hii ina miguu 10 tu, lakini kutokana na kristali moja ya MHz 25 inatoa mapigo ya masafa matatu tofauti: CLK0, CLK1 na CLK2. Nyaya zake si kazi. Ipe volti 3.3, weka kapasita ya nF 100 jirani kabisa na mguu wa umeme, na vuta kila waya wa I2C (nyaya mbili za kuipa chipu amri) kwenye volti 3.3 kwa resista ya kilo-ohmu 4.7. Anwani ni 0x60. Chipu peke yake haivumilii volti 5.

Utamu uko kwenye hesabu. PLL, sakiti iliyo ndani ya chipu, huzidisha masafa ya kristali hadi kati ya MHz 600 na 900, kisha kigawanyi huyashusha hadi masafa unayotaka. Wengi hukaza PLL kwenye 900 na kukiachia kigawanyi desimali zote. Redio italia, ila mapigo huyumba zaidi. Afadhali kigawanyi kiwe namba nzima, tena shufwa, na desimali ibebwe na PLL.

Tuchukue MHz 7.030 na kigawanyi 126. Ukizidisha unapata 885.78, tumo ndani ya mipaka. Gawa kwa 25: 35.4312, yaani 35 na 539/1250. Chipu hupokea kizidisho hiki kama namba tatu: P1, P2 na P3. Sasa 128 × 539 ÷ 1250 ni 55, baki 242. Kwa hiyo P1 = 128 × 35 + 55 − 512 = 4023, P2 = 242, P3 = 1250; hizo huingia rejista (visanduku vya kumbukumbu vya chipu) 26 hadi 33. Za kigawanyi cha CLK0, yaani 15616, 0 na 1, huingia 42 hadi 49.

Mbona 126? Rejista ya awamu, yaani ya kuchelewesha mapigo, huishia 127, na kila hatua yake ni robo ya mzunguko wa PLL. CLK1 ikitumia PLL na kigawanyi kilekile, andika 126 kwenye rejista 166, nayo itachelewa nyuzi 90 kamili. Kisha iwashe PLL upya kupitia rejista 177. Ukisahau, awamu haiaminiki. Usifanye hivyo kila unapozungusha kitufe, utasikia mlio wa "tak" masikioni. Fanya kigawanyi kinapobadilika tu. Chini ya takriban MHz 4.8 ujanja huu hauna nafasi, labda uisukume PLL nje ya mipaka ya mtengenezaji.

Rejista 3 huwakwaza wengi: biti ya CLK ikiwa 1, mlango wake wa kutolea mapigo umezimwa.

Kurekebisha kristali, toa MHz 10 na upime kwa kaunta. Ikisoma 10,000,400, kosa ni sehemu 40 kwa milioni, basi kwenye programu andika kristali 25,001,000. Ila kwanza hakikisha rejista 183 inalingana na mzigo wa kapasita ambao kristali yako inahitaji: pF 6, 8 au 10.

Na kumbukeni, haya ni mawimbi ya mraba. Hamoniki ya tatu ya MHz 7.030, yaani wimbi la ziada lenye masafa mara tatu, MHz 21.09, ina theluthi ya kimo cha wimbi la msingi. Bila kichujio cha kupitisha masafa ya chini, antena isiguswe.