Bandari ngapi, siku ngapi za bahari: namna ya kuipima ratiba ya meli ya kitalii kabla hujalipa

Shikamooni wazee, na wengine wote habari zenu. Leteni kalamu na karatasi, maana video ya leo ni ya hesabu. Picha za mabwawa ya kuogelea na meza za vyakula mmeshaziona kwenye matangazo.

Hapa mezani nina ratiba mbili, ngoja nisogeze kamera mzione. Hii ya kushoto ni usiku saba katika Bahari ya Mediterania kutoka Barcelona: Marseille, Genova, Civitavecchia, Palermo, Valletta, siku moja baharini, halafu Barcelona tena. Ya kulia nayo ni usiku saba, kutoka Southampton kwenda Norwei: siku moja baharini, Stavanger, Olden, Ålesund, Bergen, siku moja baharini, Southampton. Kushoto bandari tano, kulia nne. Wengi mtachagua kushoto, kwa nini uache mji mmoja wa bure? Nami nilisema hivyo hivyo. Nikamchukua mama, miaka 68, pamoja na wanangu wawili. Siku ya tano tulipofunga gati Palermo, mama alivuta pazia, akautazama mji, akasema, "Mji mzuri. Nendeni, mtanihadithia." Akarudi kitandani.

Kwa hiyo leo tunajifunza kupima ratiba kwa saa na kwa miguu ya mtu, tuache kuhesabu majina ya miji.

Hatua ya kwanza. Chora jedwali. Kila siku mstari wake, na kila mstari uwe na saa ya kufika na saa ya kuondoka. Ziandike kwa saa zetu za Kiswahili kama mnasafiri na wazee. Nasema hivi kwa sababu. Kwenye meli kila kitu kinaandikwa 07:00, 17:30, na mwanangu aliyezaliwa huku Uingereza alimwambia bibi yake tunatakiwa kurudi melini "saa tano na nusu". Bibi akaanza kutuharakisha tangu saa nne asubuhi! Bora tuliwahi. Meli haingoji abiria aliyejitembeza mwenyewe. Ikifika saa yake inang'oa nanga, nawe utaitafuta bandari inayofuata kwa nauli yako. Kwa kawaida wanaongojewa ni walio kwenye ziara iliyouzwa na meli yenyewe.

Hatua ya pili. Kwenye kila mstari, tafuta bandari yenyewe iko wapi. Hapa ndipo watu wanapopigwa chenga. Ratiba itakuandikia "Roma" kwa herufi kubwa, na Civitavecchia kwa herufi ndogo pembeni. Roma haina bahari, jamani. Civitavecchia iko kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini. "Florence" maana yake Livorno. "Paris" maana yake Le Havre, na ni karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, safari ya kama saa tatu kwenda na tatu kurudi. Na ukiona "Venice", soma mara mbili, maana tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco, na baadhi ya ratiba zinazobeba jina hilo hukushusha Ravenna au Trieste.

Hatua ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo sana. Tunatafuta saa halisi, yaani saa utakazokuwa umesimama pale ulipotaka kwenda.

Tuchukue hii Civitavecchia. Tuseme meli inafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 jioni. Saa kumi na mbili, unaona siku nzima. Sasa tuanze kukata. Meli ikishafunga gati, abiria hawashuki papo hapo, na watu ni maelfu, foleni ya ngazi ni foleni. Weka saa 2 ndipo mguu unagusa nchi kavu. Unapanda basi la bandarini mpaka nje, unatembea hadi stesheni, unakata tiketi, unangoja treni. Treni ni kiasi cha saa moja mpaka stesheni ya San Pietro, ile iliyo karibu na Vatikani. Ukifika hapo saa 4 kasorobo umefanya vizuri. Sasa geuza upande wa pili. Mwisho wa kurudi melini ni nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Mimi sitaki kuwa kwenye treni ya mwisho, treni zikigoma Italia zinagoma kweli. Kwa hiyo saa 10 kasorobo alasiri nataka niwe nimeshakaa kwenye kiti narudi. Toa mwenyewe: zimebaki saa sita. Ndani ya hizo kuna kula, kuna choo, kuna foleni ya kuingia kanisa la Mtakatifu Petro kwenye jua.

Linganisha na Palermo. Meli inakaa tuseme saa nane tu, lakini gati liko mjini hapo hapo. Unashuka, unavuka barabara, dakika kumi na tano uko katikati ya watu wanaouza samaki na malimau. Ukikata ya foleni na ya kurudi, unabaki na saa sita. Sawa na Roma! Kwenye tangazo Roma ilikuwa na saa kumi na mbili na Palermo nane. Valletta nayo vivyo hivyo, meli inasimama chini ya kuta za mji, na kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha mpaka bustani za juu. Mama angeipenda ile lifti, ila siku ile magoti yalikuwa bado yanaidai Roma.

Fanya hesabu hiyo kwa kila bandari, kisha pembeni andika neno moja: nzito, ya kati, au nyepesi. Nzito ni ile inayokula zaidi ya saa nne njiani kwenda na kurudi, au ina ngazi nyingi, au jua kali.

Hatua ya nne. Simama mbali kidogo uitazame karatasi yote. Sasa utaona tatizo ambalo idadi haikukuonyesha. Ratiba hii ya kushoto ina siku ya bahari, sawa, lakini iko wapi? Siku ya saba! Bandari tano mfululizo, kila siku kuamka alfajiri, halafu mapumziko yanakuja mnapofunga masanduku. Kwangu mimi, bandari tatu mfululizo ndiyo mwisho kama kuna mzee au mtoto, na siku inayofuata bandari nzito iwe nyepesi au ya bahari.

Na hapa kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Mzunguko kama huu wa Mediterania, meli inauzunguka wiki baada ya wiki, na baadhi ya kampuni zinakuruhusu kupandia bandari yoyote ya njiani. Angalia ninavyofanya. Nachukua mzunguko ule ule, ila tunapandia Civitavecchia badala ya Barcelona. Inakuwa: Palermo, Valletta, siku ya bahari, Barcelona, Marseille, Genova, na mwisho tunashuka Civitavecchia. Umeona siku ya bahari ilivyohamia? Bandari mbili, mapumziko, bandari tatu. Meli ni ile ile, miji ile ile. Na Roma mnaiona kabla ya kupanda, mnalala hoteli usiku mmoja au mbili, hakuna anayekimbizana na treni. Kwa hiyo kabla hujasema ratiba ni mbaya, uliza kama inawezekana kupandia kwingine.

Hatua ya tano. Tuziangalie siku za bahari zenyewe, kwa nini ziko hapo. Wengine wanadhani kampuni inabana matumizi. Mara nyingi ni umbali tu. Meli hizi zikienda vizuri ni kama maili 20 za baharini kwa saa, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.85. Usiku na mchana, inakuja maili 480. Tuchukue bahari yetu. Mombasa mpaka Unguja ni kama maili 130, usiku mmoja unalala na kuamka umefika. Mombasa mpaka Mahé kule Shelisheli ni zaidi ya maili 900. Gawanya: siku mbili nzima za bahari, hakuna namna. Ndiyo maana safari za Karibi ya mashariki kutoka Miami huwa na siku mbili tatu za bahari, wakati zinazoanzia San Juan, kule Puerto Rico, zinaweza kugusa kisiwa karibu kila siku, kwa sababu tayari uko katikati ya visiwa. Na wapo wanaotaka bahari tupu: Queen Mary 2 huvuka kutoka Southampton hadi New York, kwa kawaida usiku saba, bila kituo hata kimoja.

Lakini siku ya bahari si sawa na siku nyingine ya bahari. Watu wa pwani tunajua, bahari ya kaskazi na bahari ya kusi ni vitu viwili, ndiyo maana meli nyingi za kitalii huku kwetu zinakuja kati ya Novemba na Machi. Huku Ulaya uliza Ghuba ya Biscay, iliyo njiani ukitoka Southampton kwenda Mediterania. Miezi ya baridi inachafuka vibaya, na siku ya mapumziko inageuka siku ya ndoo. Kama una mtu anayechefukwa, chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hapo mtikisiko ni mdogo. Wengi wanalipia chumba cha juu kabisa mbele, halafu wanalia.

Jua pia kwamba siku ya bahari ndiyo siku meli inapokuuzia. Maduka na kasino mara nyingi hufungwa meli ikiwa bandarini na kufunguliwa ikiwa baharini. Simu nayo iweke kwenye hali ya ndege tangu meli inapoondoka, maana inaweza kudaka mtandao wa meli wenyewe, na bili yake utaisoma umekaa.

Hatua ya sita, tengeneza siku yako ya kupumzika. Hii ndiyo iliyotuokoa. Hulazimiki kushuka kila bandari. Watu wote wakiwa mjini, bwawa ni lako, viti viko tupu, na huduma za masaji mara nyingi hupunguzwa bei siku hizo. Kwa hiyo bandari unaweza kuigeuza mapumziko, ila siku ya bahari huwezi kuigeuza bandari. Kwa hoja hiyo kuna wanaosema chagua yenye bandari nyingi tu. Mimi sikubali sana. Kodi za bandari umeshalipa kwenye tiketi, na mtu aliyelipa anaona uchungu kubaki. Mama alibaki kwa kuwa mwili ulikataa. Mimi nilishuka Palermo nikiwa sijiwezi, kwa ubahili tu.

Ukichagua ya kuiacha, anza na bandari ambazo meli haifungi gati. George Town, Grand Cayman, meli inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Santorini pia, na ukifika nchi kavu bado kuna mlima: gari la waya lenye foleni, au ngazi 588. Bandari za namna hii zikipata upepo mkali nahodha anazipita, na mara nyingi kinachorudishwa ni kodi ya bandari tu. Kwenye jedwali lako ziwekee alama ya kuuliza, wala usipange sherehe ya ndoa hapo.

Hatua ya saba ni fupi: pasipoti. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, kila bandari iangalie kwa jicho la viza. Mzunguko wetu wa kushoto wote uko ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Lakini ikitolewa Valletta ikawekwa La Goulette ya Tunisia, au ratiba ikigusa Uturuki au Montenegro, umetoka Schengen, na kurudi unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya kulia inaanzia Uingereza na kwenda Norwei, hizo ni viza mbili tofauti. Muulize wakala kabla ya malipo ya awali, na jibu liwe kwa maandishi.

Sasa turudi kwenye karatasi ya kulia. Siku ya pili bahari, mnalala mpaka mnachoka. Stavanger gati liko mjini. Olden ni kijiji, kazi yako ni kutazama milima. Ålesund, Bergen, zote unatembea kwa miguu kutoka melini, au kwa basi fupi. Kisha bahari tena, siku ya kufua na kupanga masanduku. Bandari nne, hakuna nzito hata moja, ila Bahari ya Kaskazini ina baridi yake, hata Julai chukua sweta.

Hiyo ndiyo nimemlipia mama. Ameniuliza maswali mawili tu: kama melini kuna uji asubuhi, na kama safari hii siku ya kulala iko kwenye ratiba au ataiba mwenyewe tena. Nimemwonyesha jedwali, siku ya pili na ya saba. Uji upo.