Mikono ya Trekta Hutengenezwa kwa Jozi

Asanteni sana. Wengi wenu mmeshanisikia nikilizungumza jambo hili, na leo mtalisikia tena, kwa sababu bado naona barabarani matrekta ambayo mkono mmoja wa nyuma umekatwa na kuchomelewa, na mwenzake haujaguswa wala kupimwa.

Trekta ni nini sitaeleza. Ninyi wa Karatu, Mbulu, Babati na Kiteto mnalijua. Tuelewane majina tu. Mikono ya chini ni ile miwili mirefu inayovuta plau. Mikono ya juu ni ile mifupi iliyokaa kwenye shafti ya lifti. Kati ya juu na chini kuna fimbo za kunyanyulia. Toplinki, fimbo ya tatu inayoshika plau kwa juu, iko peke yake katikati. Basi.

Kule Kiteto kuna mzee aliniita kuangalia Massey Ferguson 135 yake. Mnazifahamu hizo, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1964 na mpaka leo zinalima. Shida yake ilikuwa plau la diski linavuta upande. Dereva akiingia shambani anapigana na usukani mwanzo wa shamba mpaka mwisho, na mstari bado unapinda. Mzee alikuwa ameshabadilisha diski. Akabadilisha beringi za gurudumu la nyuma la plau, zikafa tena. Akanunua tairi la mbele. Mwisho akamfukuza dereva, akasema kijana analima huku akili yake iko kwenye simu.

Nilipofika nikaomba futi kamba. Plau tukalishusha chini, tukalifungua. Nikapima kutoka katikati ya pini ya mbele, pale mkono unaposhikwa na mwili wa trekta, mpaka katikati ya gololi ya nyuma, lile tufe lenye tundu linalopokea pini ya plau. Kushoto kwanza, kisha kulia. Wa kulia ulikuwa mfupi kwa sentimita 3. Nikakwangua rangi kwa patasi, na chini yake likatokea kovu la kuchomelea, nene kama goti. Mkono ulikuwa umepata ufa karibu na kichwa. Fundi akakata sehemu yote iliyooza, akasaga, akaunganisha chuma kilichobaki, akapaka rangi nyekundu. Kazi safi kwa macho. Hakupima kabla ya kukata, na hakupima baada ya kuchomelea.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo watu wanaponibishia. Trekta kama lile ni la daraja la kwanza la vipimo vya kufungia jembe, na plau lake hushikwa na gololi mbili zilizoachana milimita 683. Upande mmoja ukitangulia mbele kwa sentimita 3, plau halikai tena sawa na trekta, limegeuka. Nenda nyuma mita 2, kwenye mkia wa plau. Hapo limeshahama karibu sentimita 9! Kila diski imebadilika namna inavyoikabili ardhi. Upana wa kukata umebadilika. Lile gurudumu la nyuma, ambalo kazi yake ni kuzuia plau lisisukumwe pembeni na udongo, sasa linabeba mzigo usio wake. Ndiyo maana beringi zinakufa. Na kijana wa watu amefukuzwa kazi katikati ya msimu kwa sababu ya kipande cha chuma kilichokatwa bila futi.

Mtaniambia toplinki itarekebisha. Haitarekebisha! Toplinki inainamisha plau mbele au nyuma. Kishikio cha kuzungusha kilichoko kwenye fimbo ya kulia kinasawazisha kushoto na kulia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachonyoosha plau lililogeuka. Wale wenye plau ambalo ekseli yake ya mbele inageuzwa mtasema mnaweza kuigeuza ifidie upungufu. Ni kweli, mnaweza. Kesho unafunga haro ya kuvunja mabonge au mashine ya kupandia, na ugonjwa uko palepale.

Harry Ferguson wa Ireland, mtu aliyetuletea mfumo huu wa kushika jembe kwa fimbo tatu miaka ya 1920 na kuuingiza sokoni kwenye trekta lake la mwaka 1936, hakuweka fimbo tatu kwa urembo. Angalieni mikono ya chini kutoka juu. Haiendi sambamba. Inakaribiana kuelekea mbele, kana kwamba inataka kukutana huko kwenye ekseli ya mbele. Kwa mpangilio huo jembe linafuata trekta lenyewe na kurudi katikati linapoyumba. Mpangilio wote huo unategemea mikono kuwa na urefu mmoja. Ukifupisha mmoja, hilo ni pembetatu jingine unalojitungia wewe, na ardhi ya Kiteto haitakuonea huruma.

Basi tunatengenezaje? Fungua mikono yote miwili. Nasema yote miwili. Upime ule mzima, lakini kwanza ukague kama kweli ni mzima, kwa sababu tundu la pini ya mbele likishakuwa yai na gololi ya nyuma ikishacheza kwenye nyumba yake, huo si kipimo tena. Tafuta kipande cha chaneli ya chuma kirefu kuliko mkono, uchomelee juu yake pini mbili zilizosimama, umbali uleule wa mkono sahihi. Hicho ni kipimo chako cha kudumu, hakikugharimu zaidi ya chuma chakavu. Mkono unaotengeneza unaulaza hapo, pini zote mbili zikiwa zimeingia, ndipo unaunganisha kichwa kipya. Vichwa vya kuchomelea, vyenye gololi yake ndani, vinauzwa. Ukivikosa, tafuta mkono mzima kwenye trekta lililokufa, tena uchukue jozi.

Kuchomelea kwenyewe sasa. Najua kuna fundi hapa anasema moyoni, nikichomelea mimi, pale panakuwa imara kuliko palivyokuwa. Ndugu yangu, nakubali. Kovu lako halitakatika. Kitakachokatika ni chuma kilicho kando yake, kidole kimoja kutoka kwenye kovu. Mkono ule umefuliwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha, si bomba la geti. Ukikipiga moto mkali kikiwa baridi kisha ukakimwagia maji ili mteja aondoke haraka, ile sehemu ya pembeni inakuwa ngumu na inavunjika kama haijawahi kuwa chuma. Saga pande zote mbili zikutane kwa ncha ili moto ufike katikati. Pasha mkono mpaka karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Tumia rodi za kuchomelea za namba 7018 zilizo kavu, si rodi zilizolala wazi dukani masika yote. Piga kidogo upande huu, geuza, piga upande wa pili, na kila mara uzungushe gololi uone inacheza vizuri. Ukimaliza, fukia kwenye majivu makavu, uache upoe wenyewe mpaka uushike kwa mkono. Mteja akiwa na haraka, mwambie arudi kesho.

Na mkono uondoe kwenye trekta kabla ya kuchomelea! Ukishindwa kabisa kuuondoa, kibanio cha waya wa athi wa mashine ya kuchomelea kikae kwenye chuma hichohicho unachochomelea, karibu. Ukikibana huko mbele kwenye bampa, umeme unapita kwenye beringi zote zilizoko njiani.

Pini. Hapa nitasema kwa ukali, mnisamehe. Daraja la kwanza, pini ya mkono wa chini ni milimita 22, ya toplinki 19. Daraja la pili, milimita 28 chini na 25 juu. Nondo ya 16 siyo pini. Bolti ya lori siyo pini. Nondo ndani ya tundu la 22 inagonga kila trekta linapoanza kuvuta, na kila pigo linaila gololi, kisha linaila nyumba ya gololi, kisha mnasema mikono ya siku hizi ni dhaifu. Jembe la daraja la kwanza kwenye trekta la daraja la pili linafungwa kwa bushi za kupunguzia, vibomba vya kuvisha pini nyembamba, zipo madukani, na bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya kwenda kumwita fundi. Rinpini, ile inayozuia pini isichomoke, nayo iwe rinpini, si msumari uliokunjwa.

Lifti inayorukaruka, kila mtu anakimbilia kusema ni pampu. Kabla hujafungua chochote, nenda nyuma, shika uma wa toplinki, uvute na uusukume. Kwenye hizi Massey za zamani toplinki ndiyo inayoipa haidroliki habari ya uzito wa kazi, kupitia springi iliyoko pale nyuma. Ukihisi nafasi pale, habari inafika kwa kurukaruka, na lifti inafanya hivyohivyo. Kaza hapo kwanza. Kisha nyanyua plau na uzime injini. Likishuka haraka, hapo tutazungumza kuhusu sili za pistoni, zile zinazozuia mafuta yasivuje, na vali. Na kabla ya pampu, mafuta. Kwenye 135 mafuta ya gia boksi na ya haidroliki ni yaleyale, kwa hiyo uchafu wa gia unaogelea mpaka kwenye pampu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Mwaga, safisha chujio, ujaze upya.

Mafuta yanayovuja kwenye shingo ya mikono ya juu: usibadilishe sili peke yake. Bushi ikishalika, shafti inacheza, na sili mpya haimalizi msimu. Bushi na sili, pamoja. Mtu anayechomelea mkono wa juu kwenye shafti kwa sababu meno yamelika, huyo amemfungia njia fundi atakayekuja baada yake, kwa sababu ile shafti haitoki tena bila kukatwa. Ukifungua, weka alama kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea nukta, kwenye mkono na kwenye shafti, urudishe jino kwa jino. La sivyo, mkono mmoja utakuwa juu kuliko mwingine.

Nilitaka kuzungumzia minyororo ya pembeni na sanduku la gia la fimbo ya kulia, lile lenye nipo ya grisi ambayo haijawahi kuona grisi, lakini naoneshwa saa. Hili moja siliachi. Asiingie mtu chini ya plau lililoshikiliwa na haidroliki peke yake. Liwe chini, au likae juu ya magogo. Na mafuta yakivuja kwa shinikizo msiyatafute kwa kiganja, tumieni kipande cha boksi. Yale yanaweza kupenya ngozi, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Maswali tutayachukua hapo nje. Waliokuja na matrekta wayasogeze kwenye kivuli, washushe plau, wazime injini. Tutaanza na lile jekundu lililoko karibu na geti, mkono wake wa kushoto nimeuona tangu asubuhi.