Moshi Juu ya Daraja la Waterloo

Ndugu zangu, karibuni. Mchoro huu mnaouona ukutani ni wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa: Daraja la Waterloo, London, siku ya mawingu, mwaka 1903. Mchoro halisi wenyewe uko Washington, Marekani. Naomba msianze kulitafuta daraja. Anzeni na hewa iliyo mbele yake, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoihangaikia.

Daraja lenyewe lilikuwa zito kwelikweli, la mawe ya graniti, matao 9, lilifunguliwa mwaka 1817. Humu limebaki kama pumzi. Kivuli chini ya tao mngetegemea kiwe cheusi. Tazameni, ni bluu na zambarau.

Monet alikwenda London mwaka 1899, akarudi 1900 na 1901. Alipanga Hoteli ya Savoy, ukingoni mwa Mto Thames. Akitazama kushoto analiona daraja hili, na ng'ambo ya mto viwanda na dohani zake. Mwanga ulibadilika upesi mno, basi akaanzisha turubai nyingi za kuchorea kwa pamoja; hali ya hewa ikigeuka, anaiweka hii chini na kuitafuta ile inayofanana na saa hiyo. Daraja hili peke yake alilichora zaidi ya mara 40. Nyingi alikwenda kuzimalizia nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, mbali na mto.

Machi 1900 alimwandikia mkewe, Alice, kwamba ameamka akakuta hakuna ukungu hata kidogo, akaingiwa na hofu. Baadaye watu wakawasha moto, moshi ukapanda, roho yake ikatulia.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoutazama mchoro huu. Ukungu tunaoupenda ulikuwa na moshi wa makaa ya mawe ndani yake, na watu wa London walikuwa wakiuvuta usiku na mchana. Desemba 1952 moshi wa namna hiyo uliufunika mji siku 5 ukaua maelfu. Nami bado nauona mchoro huu mzuri, wala siwezi kusema vinginevyo.

Sasa sogeeni, mstari wa mbele hasa. Mnayaona yale madoa madogo juu ya daraja? Ni magari na watu wanaovuka. Kila mmoja amepewa mguso mmoja au miwili tu ya brashi, na wote wamo ndani ya moshi ule.