Taa ya chini kabisa

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Mi leo sina slaidi, nimekuja na hiki kiboksi tu, kina taa 8 za LED zimepangwa kama ngazi, kijani tano, njano mbili, nyekundu moja juu kabisa, na nyuma yake kuna kompyuta ndogo ya saizi ya kadi ya benki. Prosesa ikitulia inawaka moja ya chini, ikibanwa zinapanda mpaka nyekundu. Ndo hivyo tu. Ila hiyo moja ya chini ndo iliyonisumbua kuliko zote saba zilizobaki, tutafika huko.

Zamani hizi taa hazikuwa urembo. Kompyuta ya PDP-8 ya 1965, ile paneli yake ya mbele ilikuwa inaonyesha kilichomo kwenye rejista, vile vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa, yani unachokiona kikiwaka ni namba zenyewe, anwani ya memori hii hapa, data ile pale. Mzunguko mmoja wa memori ni maikrosekunde 1.5, hamna jicho litakalosoma hapo, lakini aliyeizoea mashine alikuwa hasomi namba, anasoma sura yake. Programu ikiingia kwenye kitanzi ikawa inazunguka pale pale, taa nazo zinatulia kwenye mchoro mmoja, zingine zimefifia kwa sababu zinawaka sehemu ya muda tu. Unageuza shingo mara moja unajua huyu kakwama.

Baadae kila kitu kikaingia ndani ya chipu moja na taa zikabaki mbili, ya umeme na ya diski. Waliojaribu kuzirudisha ni wachache, kompyuta ya BeBox ya 1995 ilikuwa na prosesa mbili za aina ya PowerPC na mbele yake safu mbili za LED, kila safu na mzigo wa prosesa yake, na mi mpaka leo naona hiyo ndo iliyokaa vizuri kuliko zote. Halafu kuna zile kompyuta kuu za Connection Machine, madude meusi, makubwa, yamejaa taa nyekundu. Ile CM-5 ya 1991 taa zake ziliweza kuwekwa zimemeteke ovyo ovyo ili zipendeze tu. Yani taa inacheza na haikuambii kitu! Shikeni hilo.

Sasa hii yangu. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha hii kompyuta, kuna faili linaitwa /proc/stat, mstari wa kwanza unaanza na neno cpu halafu namba zimefuatana, kila namba ni muda ambao prosesa imetumia kwenye shughuli fulani tangu mashine iwashwe, kwa kawaida zinahesabiwa kwa mia ya sekunde. Namba ya nne ndo muda wa kukaa bure. Unasoma, unasubiri kidogo, unasoma tena, unatoa. Tuseme una prosesa yenye koa nne, yani kama prosesa nne ndani ya moja, na umesubiri sekunde 0.2, jumla zimeongezeka 80, za bure zimeongezeka 20, basi mzigo ni asilimia 75, washa taa sita. Waya, na rizista ya omu 330 kwa kila taa, umeme wa volti 3.3 unakupa kama miliampia 4 kwa taa nyekundu, inatosha kabisa, ukizidisha itakuchoma macho usiku.

Lakini sikuanza hapo, mi nilianza vibaya, nilisoma /proc/loadavg, faili la wastani wa mzigo, kwa sababu ni rahisi, namba iko tayari. Tatizo ile ni wastani unaojivuta. Washa kazi moja nzito kwenye mashine iliyotulia, dakika nzima ikipita ile namba ya kwanza ndo imefika 0.63 hivi badala ya 1, na kazi ikiisha taa zinabaki juu kama hazijapata habari. Na Linux inahesabu humo hata programu zinazosubiri diski, kwa hiyo unaona nyekundu halafu ukigusa prosesa ya baridi.

Nikabadilisha, zikawa zinafuata papo hapo, sasa zinapepesa mpaka kichwa kinauma. Dawa ilikuwa kuzifanya zipande haraka zishuke taratibu, kama zile mita za sauti kwenye redio za kaseti. Hapo ndo zikaanza kupendeza, unafanya mambo yako na pembeni ya jicho unaona kitu kimebadilika bila kufungua dirisha lolote.

Sa siku moja jioni zilikuwa zimesimama kwenye tatu. Nikaziona, nikasema poa, inafanya kazi. Nikaziona tena, tatu. Nimeenda kulala, tatu. Asubuhi nataka faili langu kutoka kwenye hiyo mashine haijibu, imeganda tangu jana yake, na bakapu ya usiku haikufanyika. Pini ya kompyuta inayopeleka umeme kwenye taa, ukishaiambia iwake inabaki hivyo hivyo mpaka iambiwe vingine, na aliyetakiwa kuiambia keshakufa. Taa yangu ilikuwa inanionyesha maiti, mi naona mtu kakaa.

Ndo maana hii ya chini, iangalieni vizuri, haiwaki tu, inadunda. Mashine ikiwa haina kazi kabisa bado inadunda, ikisimama, iwe imewaka iwe imezima, kuna kitu kimekufa. Wazee walishaligundua, baadhi ya mifumo ya kompyuta za PDP-11 ikikosa kazi ilikuwa inazungusha taa kwenye paneli. Linux nayo inayo tayari, ndani ya /sys/class/leds kila taa ina faili la trigger, andika humo heartbeat, itadunda mara mbili mbili kama moyo na mzigo ukizidi inaenda mbio. Mi sikuitumia kwa sababu ile inadundishwa na keneli, yani kiini cha Linux chenyewe, na keneli inaweza kuwa hai huku programu zako zote zimelala. Yangu inadundishwa na skripti, kile kiprogramu changu kile kile kinachosoma mzigo.

Naam, dada hapo mbele? Anauliza kama taa zinaweza kuvujisha siri. Zinaweza, tena vizuri tu. Mwaka 2002 Loughry na Umphress walionyesha kwamba taa za baadhi ya modemu zilikuwa zinafuata data yenyewe, ukiwa mbali na kifaa cha kuona mwanga unaisoma. Na 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion walitumia taa ya diski, virusi anaipepesa makusudi, wakafika biti 4,000 kwa sekunde. Hii yangu inabadilika mara tano kwa sekunde na ni wastani, haina cha maana cha kusema. Ila virusi akiingia humo ndani pini ni zake, hapo we ziba na utepe mweusi au igeuzie ukutani.